Karoti Ilimfundisha Nini Hans?

Wanangu, leo nawasimulia habari za farasi. Hakuwa farasi wa hadithini mwenye mabawa. Aliitwa Hans, aliishi mjini Berlin, Ujerumani, na mwaka 1904 habari zake zilifika mpaka kwenye magazeti ya Marekani.

Mwenye farasi alikuwa mzee Wilhelm von Osten, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mzee huyu aliamini kwa moyo wote kwamba wanyama wana akili kama watu, ila hajatokea mtu wa kukaa nao na kuwafundisha kwa subira. Basi akamsimamisha Hans uani mbele ya ubao, akaanza kumfundisha kuhesabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakumpiga. Hans alipopatia, alipewa kipande cha mkate au karoti. Somo likaendelea hivyo kwa miaka kama minne.

Kisha mzee akafungua lango, watu waje waone. Hakutoza kiingilio. Akauliza: "Hans, tatu ukijumlisha na nne ni ngapi?" Farasi akanyanyua mguu wa mbele, akagonga chini kwa kwato: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Akatulia. Akaulizwa saa, akagonga. Akaulizwa tarehe, akagonga. Kwa ubao wa herufi aliweza hata kutaja maneno, kila herufi na idadi yake ya mapigo ya kwato. Wako waliosema, "Mzee anamfanyia ishara." Lakini mzee alipoondoka na mgeni akauliza, mara nyingi Hans alijibu vilevile.

Mwezi Septemba 1904 ikaundwa kamati. Ilikuwa na watu 13, wakiongozwa na Profesa Carl Stumpf wa Chuo Kikuu cha Berlin. Humo mlikuwa na daktari wa mifugo, mtu wa sarakasi, walimu na mkuu wa bustani ya wanyama. Walichunguza wakasema hawakuona hila yoyote. Mzee von Osten alikuwa mkweli. Farasi naye alikuwa anajibu. Sasa siri ilikuwa wapi?

Profesa Stumpf akamkabidhi kazi mwanafunzi wake, Oskar Pfungst. Huyu alikuwa na kichwa kitulivu. Alitafuta namna ya kumuuliza Hans swali ambalo hata muulizaji hajui jibu lake. Mtu wa kwanza alimnong'oneza Hans namba sikioni. Mtu wa pili akamnong'oneza namba nyingine, bila mmoja kusikia ya mwenzake. Hans akaambiwa azijumlishe. Uhodari wote ukayeyuka palepale, akagonga ovyo. Kisha Pfungst akamfunika Hans macho kwa pembeni, ili asimwone anayeuliza. Hans akahangaika, akavuta shingo huku na huku amtafute mtu. Asipomwona, alikosea.

Hapo Pfungst akaacha kumtazama farasi, akaanza kuwatazama watu. Akaona jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa miaka yote ile. Mtu akimaliza kuuliza, huinamisha kichwa kidogo ili atazame kwato. Hans huanza kugonga. Namba ya jibu ikifika, mtu huyo huinua kichwa, kidogo mno, bila yeye mwenyewe kujua. Hans huacha kugonga. Mzee von Osten hakujua kwamba kichwa chake kinacheza. Wageni hawakujua. Pfungst naye, hata baada ya kuitambua siri, aliona vigumu kukizuia kichwa chake kisiinuke. Mwaka 1907 alichapisha kitabu akaeleza yote.

Wengi wakisikia habari hii humcheka Hans. Wanasema, kumbe hakujua chochote! Mimi nawaomba msimcheke. Hebu fikirini: karoti ilikuja lini? Ilikuja pale kwato iliposimama kwenye jibu sahihi. Na kabla tu ya karoti, ni jambo gani lilitokea kila mara? Kichwa cha mtu kiliinuka. Kwa Hans, tatu na nne hazikuwa na maana yoyote, ila kichwa kile kilikuwa na maana kubwa. Mzee alikusudia kufundisha hesabu, lakini karoti ilifundisha kumtazama binadamu kwa makini kuliko binadamu anavyojitazama mwenyewe.

Lishikeni hilo, kwa maana yote nitakayowaambia leo yanatoka hapo: mnyama hujifunza kile kilichomletea zawadi, hata kama mwalimu alikusudia kingine kabisa.

Mnyama anayesikia inzi akitua

Mtauliza, farasi aliwezaje kuona jambo dogo hivyo? Jibu liko katika maisha yake ya asili. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Mababu zake waliishi katika mbuga za wazi, na waliosalia ni wale waliogundua hatari mapema wakakimbia kabla haijafika.

Macho ya farasi yako kando ya kichwa. Anaona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji la uso na nyingine iliyo nyuma ya mkia. Kila sikio lake hugeuka peke yake. Moja linaweza kukusikiliza wewe huku la pili likisikiliza barabara. Inzi akitua ubavuni, ngozi ya mahali pale hutetemeka ili kumfukuza. Na farasi huzungumza na wenzake kwa mwili kuliko kwa sauti: sikio likilala, pua ikikunjamana, mdomo ukikazwa, wenzake wanaelewa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliorodhesha miondoko 17 ya uso wa farasi.

Kwa hiyo Hans hakuwa na uwezo wa ajabu. Farasi yeyote anayesimama mbele yako anakusoma: mabega yako, pumzi yako, mahali unapotazama. Anayetaka kumfundisha farasi na ajue kwamba farasi ameshaanza kumtazama.

Njia mbili za kumwomba farasi

Kwa maelfu ya miaka watu wamewafundisha farasi kwa njia ya kusukuma na kuachia. Mpandaji hukaza hatamu, na chuma kilicho mdomoni mwa farasi kikamkera. Farasi akisimama, hatamu hulegezwa. Au mpandaji hubana mbavu za farasi kwa miguu. Farasi akienda mbele, miguu huacha kubana. Farasi hujifunza kufanya jambo ili kero iondoke.

Si kila anayetumia njia hii ni mkatili. Wako wapandaji ambao mguso wao ni mwepesi kiasi kwamba farasi hutii kabla hajabanwa. Mgiriki Xenophon, aliyeishi miaka kama 2,400 iliyopita, aliandika kitabu kizima kuhusu farasi, na humo aliwaonya watu wasimkaribie farasi wakiwa na hasira. Tatizo ni kwamba njia hii ina mteremko unaoteleza. Farasi asipoelewa, mtu huongeza nguvu. Akizidi kutoelewa, huja mjeledi. Na mnyama aliyeumbwa kukimbia hatari, akiumizwa huku amefungwa kamba, hawezi kujifunza vizuri. Akili yake yote iko kwenye kutafuta pa kutokea.

Njia ya pili ni kumwongezea farasi kitu anachokipenda mara tu anapofanya jambo ulilomwomba. Aliyewahi kutazama farasi akila anajua kwa nini chakula kinafaa sana. Tumbo lake ni dogo kulinganisha na mwili wake, na akiwa malishoni hula nyasi kidogo kidogo kwa saa nyingi, hata 16 kwa siku. Kwa hiyo kipande kidogo cha karoti, au gao dogo la nyasi kavu, kina thamani kwake wakati wowote. Wengi hupenda pia kukunwa pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi marafiki hukunana kwa meno.

Je, kuna tofauti gani kwa farasi mwenyewe? Huko Rennes, Ufaransa, mtafiti Carol Sankey na wenzake waliwafundisha farasi wachanga kusimama tuli wakiambiwa, huku wakiguswa na kuhudumiwa. Kundi moja lilipewa chakula lilipopatia, kundi jingine halikupewa. Waliopewa walijifunza upesi zaidi, na hawakuwa wakiuma au kupiga mateke kama wenzao. Baada ya miezi kadhaa, watafiti walipowaendea tena, farasi wale waliwakaribia kwa hiari. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Farasi, wanangu, hasahau upesi jinsi alivyotendewa.

Sauti inayosema "hapo hapo!"

Lakini zawadi ina ugumu wake, na ugumu huo ni wakati. Chukueni farasi anayejifunza kunyanyua mguu ili kwato isafishwe. Ananyanyua, vizuri sana. Wewe unaingiza mkono mfukoni, unatafuta karoti, unanyoosha mkono. Kufikia hapo mguu umeshashuka na farasi anakusukuma bega kwa pua. Anapokula karoti, ni kipi kilicholipwa? Kilicholipwa ni kusukuma. Kesho atasukuma kwa nguvu zaidi, nawe utamwita mtundu.

Dawa ya ugumu huu ilitoka kwa watu waliofanya kazi na viumbe wengine kabisa. Katika miaka ya 1940 mwanasaikolojia B. F. Skinner alifundisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na kitu kizuri hurudiwa. Wanafunzi wake wawili, mume na mke, Keller na Marian Breland, waliitoa elimu hiyo maabarani wakaipeleka mashambani na kwenye maonyesho. Waliona kwamba ukitoa sauti fupi mnyama anapotenda jambo, kisha ukampa chakula, mnyama huelewa upesi ni tendo lipi lililolipwa, hata kama chakula kimechelewa kidogo. Mwaka 1963, huko Hawaii, Karen Pryor alianza kuwafundisha pomboo kwa sauti ya kipenga. Na pomboo humwezi kwa mjeledi wala hatamu. Ukimkera, anaogelea zake mpaka upande wa pili wa bwawa na kukuacha na ndoo yako ya samaki.

Sauti hiyo inafanya kazi kama kipenga cha refa uwanjani. Refa haongezi goli wala hapunguzi. Anaonyesha tu kwa wote ni sekunde gani hasa jambo limetokea.

Kwa farasi, mtu aliyeieneza njia hii ni Alexandra Kurland wa jimbo la New York. Farasi wake, Peregrine, alikuwa akiuguza kwato na hakuweza kufanya mazoezi ya kawaida. Kurland akatumia siku zile za uuguzi kumfundisha kwa kidude kidogo cha mkononi, ambacho ukikibofya hutoa sauti "kliki!" Mwaka 1998 alitoa kitabu kilichowaonyesha watu jinsi ya kufanya hivyo.

Somo la kwanza huwa jepesi, na farasi na mtu huwa wametenganishwa na uzio. Mwalimu hunyoosha fimbo yenye mpira mwishoni. Farasi ni mdadisi. Ataunusa ule mpira. Pua inapogusa tu: kliki! Kisha kipande cha karoti. Fimbo inarudi. Pua inagusa: kliki! Karoti. Haichukui muda mrefu kabla farasi hajaanza kuutafuta mpira kwa makusudi, ukiwa juu, ukiwa chini, ukiwa hatua tatu mbele. Ukishafika hapo, una njia ya kumwongoza mnyama mwenye kilo 500 bila kumvuta kwa kamba.

Somo la pili ni la adabu ya mezani. Farasi anayejua una karoti atapekua mifuko yako. Usimpige. Simama nyuma ya uzio, subiri. Atanusa mfuko, atasukuma, hatapata kitu. Mwisho atageuza kichwa kidogo kutazama mbele. Kliki! Naye hulishwa akiwa amenyoosha shingo mbele yake, mbali na mfuko. Baada ya muda anaelewa kwamba kupekua hakulipi, na kutulia kunalipa.

Farasi watano na trela

Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna mahali methali hiyo inapoonekana kazini kama hapa. Farasi wengi huogopa trela, lile gari la kukokotwa linalowabeba. Na wana haki: ni chumba kirefu, chenye giza, chembamba, na sakafu yake inapiga kelele chini ya kwato. Kwa mnyama wa mbuga za wazi, humo ndimo asimotakiwa kuingia.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Dawnery Ferguson na Jesús Rosales-Ruiz, walichapisha habari za farasi jike watano waliokuwa na tatizo hilo. Kabla yake walikuwa wakiingizwa kwa kamba na mijeledi, wakigeuka, wakirusha vichwa na kugoma. Watafiti wakaweka mijeledi kando. Waliwafundisha kwanza kugusa kitu kwa pua, kama nilivyoeleza. Kisha safari ya kuingia kwenye trela wakaikata vipande: kusogea karibu, kuweka mguu mmoja, miguu miwili, kusonga ndani zaidi, kuingia mwili mzima. Kila kipande kililipwa mpaka farasi akakifanya bila wasiwasi, ndipo kikaombwa kinachofuata.

Wote watano wakaingia. Kule kugoma na kurusha vichwa kukatoweka, ingawa hakuna aliyewaadhibu kwa ajili yake. Mjifunze hapo jambo moja kubwa: farasi hawakuwa wakaidi. Walikuwa na hofu, na hofu ilipopungua, ule ukaidi haukuwa na kazi tena.

Farasi wanaoomba blanketi

Sasa nawafikisha kwenye habari ninayoipenda kuliko zote. Twendeni Norwe, nchi ya baridi kali, ambako farasi huvishwa blanketi. Binadamu ndiye anayeamua: leo vaa, leo vua. Mtafiti Cecilie Mejdell na wenzake wakajiuliza swali ambalo watu wengi hawajawahi kuliuliza: kwani farasi mwenyewe anataka nini?

Wakachukua farasi 23 na vibao vitatu vyeupe. Kibao chenye mstari wa kulala kilikuwa na maana ya "nivike blanketi". Chenye mstari wa kusimama kilikuwa na maana ya "nivue". Kisicho na mstari kilikuwa na maana ya "niache nilivyo". Farasi walifundishwa kwa vipande vya karoti, dakika 10 hadi 15 kwa siku, hatua kwa hatua: kwanza kukisogelea kibao, kisha kukigusa kwa pua, kisha kuvitofautisha, kisha kuelewa kwamba kila kibao kina jambo linalofuata. Ndani ya siku 14 wote 23 walikuwa wameelewa.

Ndipo wakaulizwa katika hali mbalimbali za hewa. Siku za jua, farasi waliokuwa wamevaa walichagua kuvuliwa, na wasiovaa walichagua kubaki hivyo. Siku za mvua, upepo na ubaridi, walichagua kuvikwa. Walipotambua kwamba watu wanawasikia, farasi wakachangamka. Wengine walijaribu kuwaita walimu wao hata kabla zamu yao ya kuulizwa haijafika.

Angalieni vizuri jinsi karoti ilivyotumika. Kwa Hans, karoti ilikuja kwa jibu moja tu, lile ambalo mwalimu alilitaka, na Hans akajifunza kulitafuta katika mwili wa mwalimu. Kule Norwe, farasi alipewa karoti kwa kibao chochote alichogusa. Hakukuwa na jibu la kumfurahisha mtu. Kwa hiyo kilichobaki kwenye kibao kilikuwa ni haja ya farasi mwenyewe: naona joto, naona baridi, niko sawa. Zawadi ni ileile ya karoti. Ilipotolewa kwa namna nyingine, watu walipata kusikia jambo ambalo farasi hajawahi kupewa njia ya kulisema.

Huku kwetu

Farasi ni wachache katika Afrika Mashariki. Moja ya sababu ni mbung'o, ambaye hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi. Lakini elimu hii haihitaji farasi, na iko karibu yenu kuliko mnavyodhani.

Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akitambua harufu ya baruti na kuionyesha, anasikia kliki, kisha anapewa ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu kwa kazi yake. Alikuwa panya wa kwanza kuipata. Hakuna mjeledi unaoweza kumlazimisha panya anuse. Lazima atake mwenyewe.

Tena tunao punda, ambao ni ndugu wa farasi. Wanabeba maji, mchanga, mahindi na kuni, na katika vichochoro vya Lamu ndio wabebaji wakuu. Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Lakini kabla hatujamlaumu punda, tuulize yeye alishukuriwa kwa nini. Punda anayechapwa anaposimama na kuchapwa tena anapokwenda hana njia ya kujua ni lipi lililotakiwa. Teke ndilo lililowahi kumletea nafuu: alilipiga, mtu akarudi nyuma. Basi teke limelipwa, naye amejifunza.

Mkipenda kujaribu, jaribuni kwa punda, mbuzi au mbwa wa nyumbani, na mtu mzima awepo. Msisimame nyuma ya punda. Simameni mahali anapowaona, karibu na bega, au nyuma ya uzio. Kidude cha kliki si lazima: sauti fupi ya ulimi inatosha, mradi iwe ileile kila mara na isitumike kwa jambo jingine. Kateni karoti kwa urefu, vipande vyembamba, maana vya mviringo vinaweza kumkaba mnyama koo. Mpeni juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole vimebanwa pamoja. Chagueni jambo moja dogo, kama kugusa fimbo kwa pua. Sauti kwanza, zawadi baadaye, na kila sauti ifuatwe na zawadi, hata kama mmeitoa kwa kukosea, kwa sababu ni ahadi. Dakika tano zinatosha. Mnyama akiondoka, mwacheni aende. Ruhusa ya kuondoka ndiyo inayomfanya arudi.

Na siku mnyama akifanya jambo msilolitaka, mathalani farasi anayepiga mlango wa banda kwa kwato kila jioni, msikimbilie kumwita mbaya. Ulizeni: anapopiga mlango, ni nini hufuata? Mkichunguza mtaona mtumishi anakimbia na ndoo ya chakula ili kelele ziishe. Mlango umelipwa. Aanze kumletea ndoo wakati ametulia, na avumilie kelele za siku za mwanzo, ambazo huenda zikazidi kabla hazijapungua. Mkishindwa kabisa kuona kosa liko wapi, mwombeni mwenzenu asimame kando, asimtazame mnyama bali awatazame ninyi, kisha awaambie mnyama alikuwa anafanya nini hasa wakati mkono wenu ulipotoa zawadi.